Margrete I, malkia aliyetawala falme tatu kwa majina ya watoto

Katika wake wote wa wafalme ninaowafundisha kwenye historia ya Skandinavia, hakuna ninayemrudia mara nyingi kama Margrete, binti wa Valdemar IV wa Denmark. Alizaliwa mwaka 1353, na mwaka 1363, akiwa na miaka 10, akaozwa kwa Haakon VI, mfalme wa Norwei.

Imesalia barua aliyomwandikia mumewe kutoka ngome ya Akershus, Oslo, karibu mwaka 1370. Anamweleza kuwa yeye na watumishi wake wana shida ya chakula na vinywaji, anaomba mfanyabiashara mmoja aambiwe amkopeshe, watu wake wasije wakamwacha kwa njaa. Wengine huisoma kama kilio cha mke mchanga. Mimi namwona humo mtawala: anaitaja shida, anamtaja wa kuitatua, anaeleza litakalotokea isipotatuliwa.

Valdemar alifariki mwaka 1375 bila kuacha mtoto wa kiume. Dada mkubwa wa Margrete, Ingeborg, alikuwa ameacha mwana, Albrecht, na nyuma ya kijana huyo ulisimama ukoo wa Mecklenburg, watawala wa kaskazini mwa Ujerumani, ambao tayari ulikuwa na ami yake, Albrecht pia, kwenye kiti cha Uswidi. Margrete aliwawahi. Mwaka 1376 Wadenmark walimchagua mwanawe Olaf, mtoto wa miaka 5, na mama akashika utawala kwa jina lake. Haakon alipokufa mwaka 1380, Olaf akarithi na Norwei.

Kisha, Agosti 1387, Olaf akafariki akiwa na miaka 16. Mlezi wa mfalme, mfalme akifa, hana tena kazi. Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasome taratibu. Siku chache tu baadaye, huko Lund, Margrete alitangazwa kuwa bibi, bwana na msimamizi wa ufalme wote wa Denmark. Hakukuwa na desturi ya kumpa mwanamke taji kwa haki yake mwenyewe, basi wakampa mamlaka na kuliacha taji. Norwei ikafuata mwaka 1388.

Uswidi ilikuja kwa njia ya wasia. Bo Jonsson Grip, kabaila mwenye ardhi kuliko wote nchini, alikufa mwaka 1386 na kuzikabidhi ngome zake kwa wasimamizi wa mirathi. Mfalme Albrecht alipozitaka, wakamgeukia Margrete, na mwaka 1388 kule Dalaborg wakamkubali kuwa mtawala wao. Februari 1389, karibu na Falköping, Albrecht alishindwa na kutekwa. Alikaa kifungoni hadi 1395.

Alihitaji bado mfalme wa kiume. Akamchukua Bogislaw wa Pomerania, mjukuu wa Ingeborg, akambadili jina kuwa Erik, na Juni 1397 kijana huyo akavishwa taji la falme zote tatu mjini Kalmar. Hati ya muungano iliyoandikwa huko ni ya karatasi, si ya ngozi kama hati kuu za zama zile, na wanahistoria bado wanabishana uzito wake. Kwangu mimi, hati ina uzito mdogo kuliko namna alivyogawa kazi. Denmark aliacha vyeo vikubwa vya makabaila vikae wazi, asipate mtu wa kushindana naye. Uswidi, kuanzia 1396, alirudisha mikononi mwa ufalme ardhi zilizokuwa zimegawiwa, na kwenye ngome aliweka watu wake, wengi wao Wadenmark na Wajerumani. Erik alikuwa na taji, lakini mambo makubwa yaliendelea kupita kwa Margrete hadi alipofariki tarehe 28 Oktoba 1412, akiwa ndani ya meli bandarini Flensburg.

Njia hiyo ilitegemea mtu wa kuwadhibiti wale wasimamizi wa ngome, na Erik hakuwa mtu huyo. Vita vyake virefu vya kugombea Schleswig, eneo la kusini mwa Denmark, vilitaka kodi, wasimamizi wakawakamua wakulima, na mwaka 1434 wachimba madini na wakulima wa Dalarna, Uswidi, wakaasi, wakiongozwa na Engelbrekt Engelbrektsson. Miaka 5 baadaye Denmark na Uswidi zilimvua Erik ufalme. Norwei ilimwacha mwaka 1442.