Je, wajua kwa nini ndege hubadilika njiani kutoka Kabale hadi Kisoro?

Barabara ya lami kutoka Kabale hadi Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ina urefu wa kilomita 80 hivi. Abiria anayesinzia kwenye teksi atakumbuka kona na milima tu. Anayekaa dirishani masikio wazi hugundua kwamba milio ya ndege wa Ziwa Bunyonyi hupotea akiingia msitu wa Echuya, na wengi wa Echuya nao hawashuki naye hadi Kisoro.

Anza na kimo. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Baridi huamua mimea ipi iote, mimea huamua wadudu na maua, na ndege hufuata chakula. Bunyonyi liko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, Echuya hupita 2,300. Mwinuko huo mdogo unatosha kukutoa kwenye mafunjo na mashamba ya matuta, ukajikuta katikati ya mianzi na ukungu.

Ziwa lenyewe lina kisa chake. Zamani Bunyonyi lilikuwa bonde la mto. Lava kutoka volkano za Bufumbira, eneo la Kisoro, ikaziba njia ya maji, bonde likajaa, na vilele vya vilima vikabaki visiwa. Leo vinahesabiwa 29. Mutanda, upande wa Kisoro, nalo lilizibwa na lava. Ndiyo maana kwenye milima mikali kiasi hiki unamkuta mdiria mweusi na mweupe akipiga mabawa pale pale hewani kabla ya kujitosa majini, na kwera wakisuka viota juu ya mafunjo.

Mabonde yenye majimaji ndiyo makao ya korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda. Hujenga kiota kwenye kinamasi na kutafuta chakula mashambani. Vinamasi vingi vya Kigezi, yaani eneo hili la Kabale na Kisoro, vimekaushwa ili kupata viazi na malisho, na korongo huyu sasa yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Inaniuma kila nipitapo bonde lililochimbwa mitaro. Mkulima ana watoto wa kulisha, hilo nalielewa; lakini kinamasi kikikauka chote, korongo hana pa kutagia.

Kuna jambo kongwe zaidi, na kwangu hili ndilo kubwa. Katika vipindi vya barafu duniani, Afrika ilikauka na misitu ikasinyaa. Milima ya kando ya Bonde la Ufa la Magharibi iliendelea kupata mvua, ikabaki na misitu iliyotengana. Ndege waliobanwa humo, vizazi kwa vizazi, wakawa aina za peke yao. Mmoja wao ni chozi mwenye kifua chekundu na ubavu wa manjano, ambaye huko Echuya huonekana kwenye maua kando ya njia. Katika kinamasi cha Muchuya, ndani ya msitu huohuo, anaishi ndege mdogo wa kahawia wa matete ambaye hapatikani nje ya milima hii ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Ukiongeza kwamba Uganda ndipo misitu ya Kongo inapokutana na mbuga za mashariki, utaona jinsi nchi ya ukubwa huu ilivyofikisha aina zaidi ya 1,000 za ndege.

Kwa hiyo usikubali kupitishwa Echuya mbio. Ondoka Kabale alfajiri, umwombe dereva asimame kwenye mianzi kabla jua halijapanda, na tena Kanaba, mahali ambapo volkano za Muhabura, Mgahinga na Sabinyo hutokea kwa pamoja. Ukifika Kisoro, Kiswahili kinakutosha, maana mpaka wa Kongo pale Bunagana uko jirani na wafanyabiashara wanakitumia. Mwenye siku ya ziada aende Ruhija, ndani ya msitu wa Bwindi, ashuke kwa miguu na kiongozi hadi kinamasi cha Mubwindi. Huko yuko ndege wa kijani mwenye mdomo mpana ambaye, mbali na Bwindi, anajulikana mashariki mwa Kongo tu. Kushuka ni rahisi. Nguvu zako zitunze za kupanda kurudi.