Ngitili na udongo wake: maneno yanayowafanya watu wafyeke miti

Ngitili ni malisho ya Wasukuma yenye miti na nyasi. Hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ndama na ng'ombe wanyonge wakitangulia. Shinyanga ilikaribia kugeuka jangwa baada ya misitu kufyekwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ndio uliozifufua ngitili. Inaniuma kusikia bado maneno yanayotaka kuturudisha kulekule.

"Nyasi haziwezi kustawi chini ya mti."
Miti ikisongamana, kweli nyasi hukosa jua. Lakini watafiti waliopima malisho ya Tsavo, Kenya, miaka ya 1980, walikuta chini ya migunga na mibuyu nyasi ni nyingi kuliko uwandani, na udongo wake una vijidudu vingi zaidi. Majani hupukutika pale, wanyama hupumzika na kuacha mavi pale, na kivuli hupunguza ukali wa jua. Bakteria na kuvu wanataka nini tena?

"Mti wowote unaozaa maganda kama ya kunde hurutubisha ardhi."
Hili limewaponza wengi, hata waliopanda miti kwa nia njema. Nitrojeni, chakula kikuu cha mimea, hunaswa hewani na bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi. Mjohoro una maganda, mkwaju pia, lakini mizizi yao haina vinundu hivyo. (Usiukate mjohoro kwa sababu hiyo; nguzo na kuni zake ni msaada mkubwa.)

Hakikisha mwenyewe. Mvua zikiwa zimekolea, chimbua polepole mche wa mgunga au mlusina. Ukiung'oa kwa nguvu, vinundu hubaki ardhini. Pasua kimoja kwa wembe: kikiwa na wekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cha kijani au kijivu, kazi imekwisha au haijaanza.

"Moto hurutubisha malisho."
Yale majani mabichi yanayochipua baada ya moto huwadanganya wengi. Majivu huacha potasiamu na chokaa kidogo, ila nitrojeni imeshapaa na moshi, na mabua ambayo yangelisha vijidudu yameteketea.

"Ili udongo upone, ng'ombe wasiingie kabisa."
Wakizidi, au wakiingia udongo ukiwa umelowa, kwato huushindilia hadi hewa na maji vikashindwa kupenya. Wakiingia kwa zamu, huleta samadi. Litazame bonge la mavi asubuhi baada ya mvua: limejaa matundu, na chini yake dundu wamechimba vishimo na kuyazika mavi kwenye mizizi. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya aivamekitini, dawa ya minyoo, hutoa mavi yenye dawa, nayo huua funza wa dundu hao. Wiki za mwanzo baada ya sindano, mlishe nje ya ngitili.