Nambari iliyo kwenye kibao cha mtungi ina maana gani?

Simama kwa fundi pancha yeyote pale Buguruni au Tabata, Dar es Salaam, uitazame kompresa yake ikijaza upepo. Inanguruma, sindano ya geji inapanda pole pole, na ikifika bar 8 (bar ni kipimo cha presha) mota inakata. Ubavuni mwa mtungi wake wa hewa kuna kibao kidogo cha chuma, mara nyingi kimefunikwa na rangi au vumbi, kimegongwa nambari: presha ya kazi, presha ya majaribio, mwaka wa kutengenezwa. Wengi hudhani nambari ya kwanza ndiyo mpaka wa kupasuka, kwamba mtungi wa bar 10 utalipuka ukifika 11. Sivyo. Na dhana hiyo inaua, kwa sababu mtu akipandisha hadi 11 na asione kitu, anaacha kukiamini kibao siku zote.

Presha, ambayo vitabu vya shule huiita kanieneo, ni nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo. Gurudumu la gari dogo hubeba kama bar 2, na mtu anaona ni kitu cha kawaida. Lakini chukua mtungi wenye kipenyo cha sentimita 40 ulio na bar 8. Kifuniko chake kimoja tu, kile cha pembeni, kinasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 10. Hilo ni shehena nzima ya Fuso, na kinachoizuia ni bati la milimita 3 na mshono wa weldi. Ubavu wa mtungi ndio unaoteseka zaidi, kwa kuwa mvuto wa kuuzunguka ni mara mbili ya ule wa kuurefusha. Ndiyo sababu mtungi ukishindwa huchanika kwa urefu, kama soseji kwenye mafuta ya moto.

Presha ya kazi, basi, ni presha ya juu kabisa inayoruhusiwa mtungi ukiwa kazini, katika joto lililotajwa. Joto linatajwa kwa sababu chuma kikipata moto mkali hulegea. Nambari hiyo haitokani na sehemu imara bali na ile dhaifu kuliko zote: pengine ni bati, pengine mshono, pengine tundu lililotobolewa ili kufunga bomba. Kati yake na kupasuka pameachwa nafasi kubwa kwa makusudi. Nafasi hiyo ni ya mambo yasiyoonekana kwa macho: dosari ndani ya weldi, chuma kuchoka kwa kujazwa na kumwagwa maelfu ya mara, geji inayosoma pungufu. Haikuachwa ili tuitumie sisi.

Mlinzi wa mpaka huo ni valvu ya usalama, ambayo hutegeshwa ifunguke kabla presha ya kazi haijavukwa. Niliwahi kukuta kompresa ambayo valvu yake imeng'olewa na tundu kuzibwa kwa bolti iliyozungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Mwenyewe aliniambia ilikuwa inamsumbua, kila saa inatoa upepo. Nilimwomba aizime pale pale. Valvu ile ilikuwa inamweleza kwamba swichi ya kukata mota imeharibika, naye akaiziba mdomo.

Majaribio hufanywa kwa maji, na sababu yake ni nzuri kuijua. Maji hayabanwi kirahisi. Ukiyatia presha ya bar 8 yanapungua ujazo kidogo mno, kwa hiyo hayaweki nguvu ya kuruka nayo. Mshono ukiachia, yanachuruzika na sindano inaanguka papo hapo. Hewa katika mtungi uleule na kwa presha ileile huweka nguvu maelfu ya mara zaidi, na mshono ukiachia vipande vya chuma huruka. Fundi anayepima mtungi mkuukuu kwa kuupandishia upepo huku amesimama karibu anacheza na roho yake.

Kazi yenyewe ni ya taratibu. Valvu ya usalama hutolewa, tundu lake huzibwa kwa muda. Mtungi hujazwa maji huku tundu la juu likiwa wazi mpaka hewa yote itoke. Kisha pampu ya mkono hupandisha presha kwa hatua hadi juu ya presha ya kazi. Kanuni za chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, hutaka mara 1.3 kwa mitungi ya kawaida na mara 1.5 kwa boila, yaani mtungi wa kuchemshia maji ili kupata mvuke. Hapo mkaguzi huizunguka mishono na tochi na kitambaa kikavu, akitafuta tone au mahali palipovimba. Sindano lazima itulie. Mwisho valvu inarudishwa, na hatua hii ndiyo ya kuangaliwa mara mbili.

Jibu la kipimo hicho, hata hivyo, ni la siku ile. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na kompresa ikiibana, maji hujitenga na kutuama chini ya mtungi. Fungua koki ya chini asubuhi uone yanavyotoka mekundu kama chai ya rangi. Wekundu huo ni chuma cha mtungi wenyewe. Bati la milimita 3 likiliwa na kutu hadi 1.5, kila milimita iliyobaki inabeba mzigo mara mbili, na kibao bado kinasema 10. Kwa hiyo koki hufunguliwa kila siku, na unene wa bati hupimwa upya kwa kifaa cha mawimbi ya sauti.

Boila ni hatari zaidi. Kwa bar 7, maji yake yako karibu nyuzi 170 bila kugeuka mvuke wote, na ganda likipasuka sehemu yake hugeuka ghafla, kila lita ikitanuka takriban mara 1,600. Tarehe 20 Machi 1905 huko Brockton, Marekani, boila kuukuu la akiba lililipuka katika kiwanda cha viatu wakati boila jipya limezimwa kwa matengenezo. Watu 58 walikufa. Jimbo likatunga sheria ya boila mwaka 1907, na kanuni za kwanza za ASME zikafuata mwaka 1914.

Kwetu Tanzania ukaguzi huu uko chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ukinunua mtungi uliotumika, linganisha nambari ya kibao na ile ya ripoti ya ukaguzi, zifanane. Kama kibao kimeng'oka, mtungi huo hauna presha ya kazi hata ukiwa umepakwa rangi mpya, mpaka mhandisi aupime unene, apige hesabu, aujaribu kwa maji na kuugongea kibao kingine.