Kukompaili palipoguswa tu

Ukishafuta kosa, mstari mwekundu unabaki chini ya neno kama nusu sekunde hivi, unakuambia bado hujalifuta. Kero hiyo nilijiletea mwenyewe, maana kihariri, yaani programu ninayoandikia msimbo, nimekiandika mimi. Kila kitufe kilipobonyezwa, kompaila, programu inayosoma msimbo na kuugeuza uwe lugha ya mashine, ilikabidhiwa mradi mzima, mafaili sitini na ushee, ianze upya.

Kukwepa kurudia kazi ni jambo la zamani. Stuart Feldman aliandika programu ya Make pale maabara ya Bell Labs mwaka 1976, nayo hutazama saa tu: chanzo kikiwa kipya kuliko kilichozaliwa nacho, kompaili tena. Ndani ya kihariri ujanja huo haufai. Mtu hajahifadhi kitu; lililoko diskini ni la jana, la kweli liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mabano hayajafungwa.

Nikaanza na mawasiliano. Itifaki ya LSP, kanuni za mazungumzo kati ya kihariri na seva inayokagua msimbo, ambayo Microsoft waliitangaza 2016, inakiruhusu kihariri kitume badiliko tu badala ya faili zima: limeanzia wapi, limeishia wapi, maandishi mapya ni yapi. Siku tatu mambo shwari. Siku ya nne mwenzangu akaweka emoji ya moto ndani ya ujumbe, akafuta neno lililofuata kwenye mstari uleule, na kuanzia hapo seva ikawa inakompaili programu isiyokuwepo popote. UTF-16 na UTF-8 ni njia mbili za kuhifadhi herufi kama namba. LSP kwa kawaida huhesabu nafasi kwa vipande vya UTF-16; mimi nilikuwa natuma hesabu ya baiti za UTF-8. Emoji ile ni vipande 2 kule, baiti 4 kwangu. Sisi tunaoandika maelezo ndani ya msimbo kwa Kiswahili tunadanganyika kirahisi hapa: herufi zetu hazina vitone wala mikia, kila moja ni baiti moja, hesabu zote mbili zinatoa jibu lilelile na kosa linalala usingizi. Toleo la 3.17 la LSP linaziruhusu pande mbili zikubaliane kutumia UTF-8, nami nikafanya hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa mbele. Nilitunza orodha ya nani amesoma nini, lakini kwa ujinga: faili likiguswa, wote waliolitumia wanakompailiwa. Nikiandika mstari wa maelezo juu kabisa ya faili la tarehe, nusu ya mradi inaamka. Dawa ni kulinganisha matokeo, si maandishi. Soma faili upya, toa saini za fanksheni zake, yaani jina, vinavyoingia na kinachotoka. Zikiwa zilezile, simama hapo hapo. Maktaba ya Salsa, inayotumiwa na rust-analyzer, seva ya LSP ya lugha ya Rust, inafuata mwendo huo.

Nikaandika hivyo, na bado nusu ya mradi ikaamka.

Ilinichukua jioni nzima kuona. Ndani ya saini nilikuwa nimehifadhi namba ya mstari, ili nijue pa kuchora wekundu. Ukiongeza mstari mmoja juu, kila fanksheni inashuka ngazi moja, kila saini inaonekana mpya. Sasa saini haina namba ya mstari; namba hiyo inatafutwa kwa jina la fanksheni wakati wa kuchora.

Hofu inayobaki ni jibu lililochacha, yaani la zamani linalotolewa kana kwamba ni jipya. Hata watunzi wa Rust, kwenye toleo la 1.52.1 la Mei 2021, walizima kwa muda ukompaili wa namna hii kwa sababu ya hitilafu zake. Kwa hiyo nina jaribio linalokoroga mradi ovyo, linakompaili kwa njia zote mbili, palipoguswa na tangu mwanzo, kisha linalinganisha. Juzi lilikataa. Faili moja lilitafutwa, halikuwepo, kompaila ikachukua la folda ya juu. Baadaye lile la kwanza likaundwa, wala hakuna aliyeshtuka, kwa sababu niliorodhesha mafaili yaliyosomwa tu. Sasa naorodhesha na yaliyotafutwa yakakosekana.