Je, wajua simu yako haijawahi kukupa picha isiyoeditiwa?

Jioni moja tulikuwa Forodhani tunatizama jua linazama, mie na rafiki yangu mwenye kamera kubwa, sote tukapiga kitu kile kile, ngalawa inarudi na jua limekaa juu ya maji. Usiku tukaziposti. Yake ilikuwa ya chungwa kali, yangu imepoa, nikamwambia mbele za watu kaka hiyo umezidisha, picha nzuri ni ya asili kama hii, na chini ya yangu nikaandika "haina filta". Nilikosea, na kwa vile kosa hili wengi wanalo bado nataka nilieleze vizuri.

Tunavodhani ni hivi: kamera inachukua ukweli kama ulivo, halafu anakuja mtu na programu anauchezea, kwa hiyo picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ndio safi. Sivyo kabisa. Ile yangu ilishaeditiwa kabla sijaiona, aloiediti ni simu. Wala jambo lenyewe si la leo, Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930 picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na bahari ya Unguja haijawa nyeusi na nyeupe hata siku moja, lakini nani anaziita za uongo?

Sasa tuingie ndani. Sensa ya kamera, yaani kile kibati kinachopokea mwanga, haioni rangi, kila pikseli (kile kitone kimoja kimoja chake) inapima mwanga tu, mwingi au kidogo. Ili rangi ipatikane, juu ya kila pikseli pamewekwa kichujio cha rangi moja, nyekundu, kijani au buluu. Mpango huu ni wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, hataza yake (hati ya kumiliki uvumbuzi) ilitoka 1976, na ndio uliomo kwenye kamera na simu nyingi mpaka leo (ipo mipango mengine, ila michache). Nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu.

Chukulia baraza refu watu wamekaa bega kwa bega, kila mtu na bakuli lake la urojo, lakini kila ulimi unahisi kitu kimoja tu, huyu uchachu wa embe, yule pilipili, yule chumvi. Unataka kujua urojo wa mtu wa tano ukoje mzima. Yeye anakwambia uchachu, basi pilipili na chumvi inabidi uulize walio kulia na kushoto kwake, halafu ukisie. Maadamu mabakuli yote yametoka sufuria moja, unapatia sana. Lakini kama katikati ya baraza sufuria imebadilika, yule aliekaa mpakani utamhesabia pilipili ya sufuria isiyo yake. Thuluthi mbili ya rangi zote kwenye picha yako zimepatikana hivyo, kwa kuuliza majirani! Piga kikoi chenye mistari myembamba ukiwa mbali kidogo, mara nyengine utaona rangi zinapita kwenye mistari ambazo fundi hakuzifuma.

Halafu linakuja lile lililonikosesha Forodhani. Jicho linazoea mwanga, ukiwa ndani kwenye balbu ya njano shuka jeupe unaliona jeupe. Kamera haizoei, ndio ikafundishwa kwamba ikiona kila kitu kimeelemea chungwa, ikisie ni taa na iipunguze. Na wakati wa magharibi kila kitu ni cha chungwa kweli. Simu yangu ikaipunguza. Rafiki yangu alipiga faili ghafi, yaani vipimo vya sensa kabla kamera haijavichezea, akairudisha rangi mwenyewe, kwa hiyo ile niloiita imezidishwa ndio iliyokaribia tulichokiona. Sisemi kila simu inakosea hivi, nyengine zinatambua machweo na kuyakoleza, makampuni hayatoi hesabu zao zote nje, na kumbukumbu ya mpigapicha nayo huongeza chumvi.

Mpaka wa picha ya kweli na ya uongo mie nauweka pengine. Mwaka 2023 mtu mmoja aliitia ukungu makusudi picha ya mwezi kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung, simu ikatoa mwezi wenye mashimo yake yote, na kampuni ikaeleza kwamba simu inautambua mwezi na kuuongezea undani. Hapo hakuna jirani alieulizwa, bakuli limejazwa urojo wa sufuria ya jana.

Ukipita Forodhani saa kumi na mbili na robo, fungua kwenye kamera sehemu ya rangi ya mwanga (white balance), toa otomatiki, weka alama ya jua, piga moja, kisha rudisha otomatiki upige ya pili. Zitizame pale pale, jua likiwa bado liko mbele yako.