Mawe yasiyo na shaba yalivyoonyesha shaba ilipo: habari za San Manuel na Kalamazoo

Watu hutuletea sisi wajiolojia mawe ya kijani. Mtu anaingia ofisini na kiroba, anakifungua taratibu, anachagua jiwe moja na kuliweka mezani. "Mtaalamu, hii si shaba?" Mara nyingi ni shaba kweli, walau kidogo. Ile rangi ya kijani ni malakiti au krisokola, madini yanayozaliwa pale shaba inapokutana na hewa na maji ya mvua kwa muda mrefu. Swali letu linalofuata ndilo huwashangaza wengi: mawe ya jirani yake yako wapi? Yale ya kijivu, yale meupe yanayomomonyoka mkononi, yale uliyoyaruka ukilifuata hili?

Wengine huona tunawasumbua. Hatuwasumbui. Ipo hazina ya zaidi ya tani milioni 500 za mbale ya shaba, yaani mawe yenye shaba ya kutosha kuchimbwa, iliyopatikana kwa sababu mtu mmoja aliyasoma kwa makini mawe ambayo hayakuwa na shaba ya maana. Iko Arizona, Marekani, na inaitwa Kalamazoo. Nimeichagua kwa sababu inaeleza vizuri kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua kwa nini mjiolojia huthamini hata jiwe asiloweza kuliuza.

Shaba inayokaa kwenye nyufa

Wachimbaji wetu wengi wameizoea dhahabu ya kwenye mkanda wa mwamba: unaufuata, unakupotea, unaupata tena. Shaba ninayoizungumzia haikai hivyo. Huitwa shaba ya porifiri, kwa jina la mwamba unaoizaa. Ukiushika mwamba huo utaona fuwele kubwa za felspa, madini ya kawaida katika mawe, zimetapakaa ndani ya rojo laini lililoganda, kama karanga ndani ya kashata. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilianza kupoa polepole kilomita nyingi chini ya ardhi, na fuwele hizo zikapata muda wa kukua. Kisha ikapanda karibu na uso wa dunia, na sehemu iliyobaki ikaganda upesi.

Chanzo chake ni pale bamba la sakafu ya bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linapozama chini ya bamba jingine. Linazama likiwa limelowa. Maji yake yakifika kwenye mwamba wa moto sana, kiasi cha kilomita 100 chini, huurahisishia kuyeyuka, na magma inayotokea hupanda ikiwa na maji, klorini, salfa na shaba kidogo. Ikifika kilomita chache kutoka juu, mgandamizo unapungua, na maji huitoka kama gesi inavyoitoka soda kifuniko kikifunguliwa. Maji hayo ya chumvi, yenye joto la mamia ya nyuzi, wakati mwingine zaidi ya 600, huupasua mwamba katika nyufa nyembamba zisizohesabika. Yanapopoa ndani ya nyufa, shaba haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Inaungana na chuma na salfa na kuwa kalikopairiti.

Chukua kipande cha mwamba uliochorongwa, yaani kilichotolewa na mashine ya kutoboa ardhi, kile cha mviringo kama mpini, ukiloweshe maji na ukitazame kwa lenzi. Utaona ufa mwembamba kama uzi wa kushonea, umejaa kwatzi nyeupe, na ndani yake punje za manjano zinazong'aa. Gusa punje moja kwa ncha ya kisu. Ikikwaruzika na kuacha unga mweusi wenye ukijani, huenda ni kalikopairiti. Kisu kikiteleza bila kuacha alama, hiyo ni pairiti, chuma na salfa tu, ambayo imewadanganya watu wengi duniani. Kisha angalia kandokando ya ufa. Mwamba umebadilika rangi, umekuwa kahawia iliyokolea kwa vipande vidogo vya mika, madini membamba kama karatasi. Hapo ndipo somo lilipo, nami nitalirudia.

Kwanza tuzungumzie wingi. Mbale yenye shaba asilimia 0.7 maana yake ni kwamba tani nzima ya mawe ina kilo 7 tu za shaba. Kwa muda mrefu mawe ya namna hiyo hayakuhesabiwa kuwa mbale. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Daniel Jackling alishikilia kwamba yangelipa iwapo mlima mzima ungechimbwa kwa mashine kubwa, na tangu 1906 Bingham Canyon, katika jimbo la Utah, umechimbwa hivyo mpaka ukawa shimo lenye kina cha zaidi ya kilomita 1. Leo zaidi ya nusu ya shaba inayochimbwa duniani hutoka katika mashapo ya porifiri, yaani malimbikizo ya madini ya aina hii.

Wasomaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watauliza kuhusu shaba yao. Ile ni ya ukoo mwingine kabisa. Shaba ya Katanga imelala katika matabaka ya zamani sana, ikiwa imeletwa na maji ya chumvi yaliyopenya kati ya matabaka hayo, na kiasi chake cha shaba katika kila tani ni kikubwa mara kadhaa. Haikuhitaji bamba la bahari kuzama. Porifiri hulihitaji. Ndiyo maana nyingi ziko Chile, Peru, magharibi mwa Marekani, Indonesia na Ufilipino, mahali ambapo bamba huzama leo au lilizama si zamani sana kwa saa ya miamba. Upande wetu wa Afrika, kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ardhi imekuwa ikivutwa na kupasuka badala ya kuzama.

Papai lililolala

Sasa turudi kwenye rangi ya kandokando ya ufa. Yale maji ya moto hayakuacha shaba tu. Yaliugeuza mwamba wote yaliopita ndani yake, na yaliugeuza kwa namna tofauti kadiri yalivyosogea mbali na kitovu na kupoa. Katikati, kwenye joto kubwa, mwamba umejaa bayotaiti, ile mika ya rangi ya kahawia, na felspa ya potasi. Ukitoka hapo unakuta ukanda uliopauka, mweupe au wa kijivu, umejaa kwatzi, pairiti na mika laini iitwayo serisaiti. Nje zaidi mwamba ni wa kijani, na hapa niombe radhi kwa wapenda kijani wote: si kijani cha shaba hiki, ni cha kloraiti na epidoti.

Fikiria papai lililosimama wima. Katikati mna uwazi wenye mbegu: hapo shaba ni haba. Nyama yake ndiyo mbale. Sehemu inayokaribia ganda ina pairiti nyingi na shaba kidogo, na ganda lenyewe ni ule ukanda wa kijani. Mtu akikukatia kipande chochote cha papai hilo, ukikitazama vizuri utajua kimetoka upande gani na nyama iko wapi.

San Manuel, ambako habari za Kalamazoo zinaanzia, iko Arizona, kaskazini mashariki mwa mji wa Tucson, karibu na mto San Pedro. Juu ya ardhi palikuwa na kilima kidogo chekundu tu, Red Hill, kinachochungulia katikati ya changarawe za jangwani kikiwa na madoa ya shaba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba ilihitajika sana, na wajiolojia wa serikali ya Marekani walipendekeza pachunguzwe. Uchorongaji wa Ofisi ya Migodi ya serikali ulianza mwaka 1943, ukaonyesha kwamba chini ya zile changarawe kumelala mashapo makubwa. Kampuni ya Magma Copper iliyachukua mwaka 1944, ikachimba njia za chini kwa chini, na katikati ya miaka ya 1950 mbale ikaanza kutoka.

Wakati hayo yakiendelea, idara ya jiolojia ya serikali ilichapisha mwaka 1953 ripoti ya G. M. Schwartz kuhusu San Manuel. Schwartz hakuishia kwenye asilimia za shaba. Alipita shimo kwa shimo akiandika mwamba uligeuzwaje: hapa bayotaiti, hapa serisaiti, hapa kloraiti. Kwa mwenye mgodi aliyetaka kujua tani ngapi zitatoka mwezi ujao, maandishi kama hayo yangeonekana kazi ya darasani. Sisi tunaofanya kazi katika taasisi za umma tunaijua kazi ya aina hiyo. Ni ya kuchosha, haina sherehe, na ripoti ikishachapishwa huwekwa rafuni.

Kiasi cha miaka 12 baadaye aliifungua J. David Lowell, mjiolojia mzaliwa wa Arizona aliyekuwa akiishauri kampuni iliyotafuta madini jirani na mgodi. Jambo lililomvutia lilikuwa umbo. Mbale ya San Manuel ilikuwa kama mtumbwi: pande mbili na kitako, na juu wazi. Ndani ya mtumbwi mlikuwa na mwamba wa kitovu, wenye bayotaiti na shaba haba. Chini na pembeni, nje ya mbale, mlikuwa na ule uliopauka wenye pairiti. Na kwa juu kila kitu kilikatwa ghafla na mpasuko mkubwa wa ardhi ulioinama kidogo kuelekea kusini magharibi, Mpasuko wa San Manuel.

Mtumbwi wa namna hiyo ni nini, kama si nusu ya papai lililolazwa na kukatwa kwa urefu wake?

Hivyo ndivyo Lowell alivyoisoma. Mashapo yalizaliwa yakiwa wima, karibu miaka milioni 70 iliyopita. Baadaye sana ardhi ya sehemu ile ya Marekani ilivutwa na kutanuka, jambo ambalo sisi wa Bonde la Ufa tunalijua kwa macho, na vipande vya ardhi vikainama. Mashapo yaliinama kwa kiasi cha nyuzi 70, yakabaki yamekaribia kulala. Kisha mpasuko ukayapasua, na nusu ya juu ikateleza kuelekea kusini magharibi kwa karibu kilomita 2.5. Nusu ya chini ndiyo iliyokuwa ikichimbwa. Nusu ya juu lazima iwe mahali fulani chini ya mawe yasiyo na dalili yoyote, ikiwa imegeukia chini kama mtumbwi uliopinduliwa.

Mashine zilianza kuchoronga mwaka 1965. Hebu jiweke katika nafasi ya mtu anayelipia uchorongaji huo: mamia ya mita za mwamba zinatoka, na shaba hakuna. Anayehesabu shaba tu angeondoka mapema. Aliyesoma ripoti ya Schwartz aliona jambo jingine, kwamba kanda zinafuatana kama alivyotarajia, kijani cha kloraiti, kisha mwamba uliopauka wenye pairiti, kwa hiyo nyama ya papai iko mbele. Nayo ilikuwepo. Mwaka 1968 Magma Copper iliinunua Kalamazoo kwa dola milioni 27.

Lowell alieleza ugunduzi huo kwenye jarida la Economic Geology mwaka huohuo wa 1968. Miaka miwili baadaye, yeye na John Guilbert wa Chuo Kikuu cha Arizona walilinganisha San Manuel na Kalamazoo na mashapo mengine 27 ya porifiri. Picha yao ya kanda zinazozungukana imefundishwa kwa wajiolojia wa dunia nzima tangu wakati huo, nami nilifundishwa kwa picha hiyo. Ina mipaka yake, kwa sababu si kila porifiri ina kanda zote, na mara nyingi kanda moja huila nyingine iliyotangulia. Hata hivyo ilibadilisha utafutaji wenyewe. Shimo lisilo na shaba liliacha kuwa shimo la hasara, likawa kielekezi. Mwaka 1981 timu iliyoongozwa na Lowell ilipata La Escondida katika jangwa la Atacama, Chile, ambayo leo hutoa shaba nyingi kuliko mgodi wowote duniani.

Kalamazoo yenyewe ilisubiri sana, na uchimbaji wake ulikuja katika miaka ya 1990. Njia iliyotumika huko ni kukata mwamba kwa chini na kuuacha uporomoke kwa uzito wake wenyewe, kisha vifusi vyake vikakusanywa huko chini. Kampuni ya madini ya BHP iliinunua Magma Copper mwaka 1996. Bei ya shaba ikashuka, shughuli zikasimamishwa mwaka 1999 na hazikurudi. Januari 2007 minara miwili ya moshi ya kiwanda cha kuyeyushia, ya urefu wa takriban mita 150, iliangushwa kwa baruti. Mji ulioishi kwa mgodi ulibaki bila mgodi, na hilo nalo ni sehemu ya habari za shaba ambayo hatupaswi kuificha tunapowaeleza watu faida za madini.

Ukija na jiwe lako

Kwa hiyo unapotuletea jiwe la kijani, tufanyie yafuatayo. Simama pale ulipoliokota na uandike mahali penyewe. Simu yako inaweza kukupa nambari za ramani. Okota jiwe jingine hatua 50 upande mmoja, na jingine hatua 50 upande wa pili, hata kama ni baya na halina rangi. Hakikisha limevunjwa kutoka kwenye mwamba uliojishika ardhini, maana la korongoni huenda limesombwa na maji kutoka mbali. Kila jiwe liwe na mfuko wake na karatasi yake. Na kama shamba lako au eneo lako la leseni liliwahi kuchorongwa zamani, na makasha ya mawe yale ya mviringo bado yamo ghalani, usiyamwage wala usiyatumie kujazia barabara. Tupigie simu, tutakuja kuyasoma.