Taka za nyuklia hazilipuki kama bomu

Barazani Mikindani, ikitajwa Gorleben, kule Ujerumani ambako wanakijiji walipinga dampo la taka za nyuklia tangu 1977, hakosi wa kusema: "Lingelipuka lile!" Hapana. Mafuta yaliyotumika kwenye kinu cha nyuklia, ambayo ni sehemu ya taka hizo, ni vidonge vigumu vya urani, kama vigae, ndani ya mirija ya metali. Si ule uji wa kijani wa kwenye filamu. Bomu lina mahitaji yake: urani iliyorutubishwa mno (iliyoongezwa sehemu inayopasuka kwa urahisi), au plutoni iliyotenganishwa na taka, na ufundi wa kuilipua.

Hofu yenye mashiko ilikuwa maji. Dampo lilipangwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba wa chumvi; mwamba huo ukipitisha maji, sumu yaweza kufika visimani (mnywa maji ya kisima analielewa hilo upesi), na plutoni-239, aina ya plutoni iliyomo kwenye taka hizo, hupungua nusu baada ya miaka 24,100. Mwaka 2020 Gorleben iliondolewa kwenye orodha ya maeneo yanayofikiriwa kwa dampo hilo kwa sababu za kijiolojia.